Mtu anakuambia mbele ya wateja "hata mpwa wangu anafanya hii kwenye PowerPoint" halafu nitulie?

Wakuu, nimetoka kikaoni Kirumba, hapa Mwanza, sasa hivi. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Bosi wa dagaa, simu tatu mkononi na hakuna hata moja anayoweza kuifungua bila kuita mtu. Kuanzia Nyegezi hadi Igoma hakuna mtengeneza tovuti ambaye hajapita kwake akatoka na kovu.

Mfumo wa oda wa tovuti yake niliumaliza, oda zinaingia vizuri. Akasema "umepooza, hauna uhai". Haya, nikaweka transisheni, yaani vitu vibadilike taratibu badala ya ghafla. Menyu inashuka taratibu. Kadi ya bidhaa ukiifuta inafifia kwanza. Kitufe ukikigusa kinabadilika rangi kwa ulaini, milisekunde 200 tu, kitu cha staha. Leo nimefungua mbele ya wanunuzi wake kutoka Kongo. Ametazama, ameshika kidevu, akasema: "Hii? Hata mpwa wangu wa darasa la sita anafanya hii kwenye PowerPoint."

PowerPoint! Mbele ya watu!

Huyo mpwa aletwe. Aje aihuishe menyu kutoka height (kimo) 0 hadi auto, yaani kimo chochote kinachotosha vilivyomo, tumwone. Auto siyo namba, brauza haijui inaelekea wapi, inaruka tu paap! Nimekesha na hiyo menyu mpaka nikapita njia ya grid (mpangilio wa safu), safu itoke 0fr kwenda 1fr, ambazo ni namba brauza inazielewa. Na kadi je? React, maktaba ya kodi niliyojengea, ikishaambiwa kadi haipo, inaing'oa papo hapo. Sasa kififie nini wakati chenyewe kimeshaondoka? Lazima uizuie, kadi imalize kufifia ndipo itolewe. Vingine vyote nimevihuisha kwa transform (kusogeza) na opacity (kufifisha), ambazo hazisumbui mpangilio wa ukurasa, kwa sababu wateja wake wa soko la samaki la Mwaloni wana visimu vya bei ndogo. Ukisogeza vitu kwa top na left, yaani kubadilisha umbali wao kutoka juu na kushoto, brauza inapanga upya ukurasa kila fremu, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde kila moja ina milisekunde 16 na kidogo. Kote huko nimewaza mimi. Yeye amewaza PowerPoint.

Wale Wakongo wamecheka mpaka mmoja akaomba maji ya kunywa. Mpwa! Darasa la sita!

Na mnajua alichokuwa anataka? Nembo izunguke. Kadi ziingie kwa kuruka kutoka kila pembe. Bei ya dagaa iwe inadunda. BEI.

Sangara_Mkavu: Picha ya kikao mkuu. Bila picha hii ni chai.

FundiBrauza: Mbona unateseka na height mwaka huu? Chrome 129 ilileta interpolate-size tangu 2024, unahuisha hadi auto moja kwa moja. Soma.

Mleta uzi: Na wenye brauza za zamani wakale wapi? Simu za Mwaloni unazijua au unaandika ukiwa Capri Point kwenye kiyoyozi?

FundiBrauza: Kwao menyu inafunguka bila mbwembwe, hakuna anayekufa. Halafu nahisi uliandika transition: all, kila kitu kihuishwe kwa mkupuo. Wanaolia huwa ni hao hao.

Mleta uzi: SIKUANDIKA ALL. Niliandika moja moja. Hapa tunaongelea mtu kunitajia PowerPoint mbele ya wageni!

MamaWaPasiansi: Pole mdogo wangu. Ila vitu vikichezacheza kwenye kioo mimi kichwa kinanigonga na kizunguzungu juu. Uliweka prefers-reduced-motion kwa tuliozima mwendo kwenye simu?

Mleta uzi: Niliweka dada yangu. Ukishazima, kila kitu kinatulia. Hilo nalo hakuliona, aliona PowerPoint.

Mzee_wa_Bwiru: Huyo huyo aliniambia nembo niliyomchorea "ina njaa, inenepeshe". Nikainenepesha. Hela ya mwisho naisikia kwenye bomba mpaka leo.

Sangara_Mkavu: Ngoja kwanza, kwani huwa anatoa hela? Mimi alinilipa dagaa. Gunia zima. Nyumba ya Buzuruga ilinuka mpaka baba mwenye nyumba akanipa notisi.

Mzee_wa_Bwiru: 😂😂😂 wewe angalau ulipata mboga.

Nansio_Kwetu: Gunia la dagaa ni hela nyie, msidharau. Wamekaushwa mchangani au kwenye chanja?

Sangara_Mkavu: Mchangani. Ukitafuna unasikia ufukwe wote mdomoni.

Nansio_Kwetu: Hapo ulipigwa. Wa chanja ndio wenye bei.

FundiBrauza: Wa chanja nao siku hizi wanachanganyiwa. Nilinunua Mwaloni, juu wanang'aa, chini vumbi tupu.

Nansio_Kwetu: Ulimwaga gunia lote chini ukaangalia, au ulichota juu ukalipa?

FundiBrauza: Nilichota juu.

Nansio_Kwetu: Basi usimlaumu mtu.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa PowerPoint.

MamaWaPasiansi: Nansio, hao wa chanja debe moja mnauzaje kwa sasa? Nina wageni Jumamosi.

Nansio_Kwetu: Njoo PM dada, tutaelewana. Sangara, gunia lako bado lipo? Nina kuku wa kufuga.

Sangara_Mkavu: Lipo. Bodaboda unalipa wewe.