Naomba ushauri: samaki gani wanaelewana katika tangi la maji ya chumvi?

Ndugu zangu, habari zenu. Hapa nyumbani Moshi nina tangi la kioo la lita 200, lenye maji ya chumvi ya nyuzi joto 25, ambamo nafuga samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale ambao baharini hujificha kwenye anemoni (mnyama wa baharini anayefanana na ua). Mwezi uliopita niliongeza samaki wa buluu, mdogo kuliko kidole gumba, na tangu hapo anawafukuza wenzake hadi kwenye kona ya pampu. Mmoja amechanika pezi la mkia, na inaniuma sana kumwona hali chakula. Je, nimtoe huyo wa buluu kabisa, au nikiyapanga mawe upya atasahau mipaka yake? Natamani pia samaki aitwaye kangaja, ila nahofia akikua hatapata nafasi ya kuogelea.