Mchezo wa Jumamosi kwa Mama Mdogo

Salma: Jamani, Jumamosi saa nane mchana kwa mama mdogo. Tunaanza Cyberpunk RED, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, mwendeshaji ni mimi. Leteni kalamu na dadu, za pande 10 na za pande 6.

Baraka: Safiii. Dada, tuvamie kampuni ya Arasaka!

Salma: Hapana mdogo wangu. Kwenye hadithi ya mchezo, mnara wao ulilipuliwa 2023. Sisi tunacheza kwenye jiji la Night City, mwaka 2045, vita vya makampuni vimevuruga biashara ya meli, watu wanaishi kwenye makontena. Kazi yenu ni ya usiku mmoja. Dalali anawatuma ghalani bandarini, kuna insulini imeibwa kliniki ya mtaani. Mkairudishe.

Neema: Mimi mdukuzi. Nakaa garini nafungua milango yote, au siyo?

Salma: Huwezi, na utamu wenyewe uko hapo. Kwa kanuni za RED lazima uwe ndani ya mita 6 kutoka kwenye kiungo cha mtandao wao. Kwa hiyo unaingia ghalani mzima mzima, na ukishazama mtandaoni Baraka ndiye anakulinda. Tatu ni tabibu, atakagua vichupa. Hamisi yuko na gari nje.

Hamisi: Nikae tu?

Salma: Walinzi wengine wanatokea barabarani kaka. Wa kwanza kuwaona ni wewe.

Tatu: Weka na muda. Friji limezimwa, saa moja ikipita dawa zimeharibika.

Mama mdogo: Nawasoma tu wanangu. Hiyo si kweli. Insulini ambayo haijafunguliwa tunaitunza nyuzi 2 mpaka 8, lakini joto la kawaida la chumba haliiharibu kwa saa moja, inafika hata wiki nne. Mbaya wake ni kuganda. Ikiganda tunatupa, hata ikiyeyuka ukaiona nzuri.

Tatu: Shikamoo mama. Asante!

Mama mdogo: Marahaba.

Salma: Mama umenipa mchezo mzima!! Nabadilisha. Kengele ikilia, mtambo wa baridi unashuka chini ya sifuri. Neema atachagua: azime kamera zinazomwona Baraka, au ashike mtambo. Vyote kwa mpigo hawezi.

Neema: Mungu wangu 😭

Baraka: Na dadu likinikataa?

Salma: Unajumlisha uwezo, ustadi na dadu la pande 10. Una 6 na 6, umerusha 4, jumla 16. Ugumu wa mlango ni 15, umeipita, mlango umefunguka. Ukikosa nao utafunguka, ila kwa kelele. Sitaki tukwame mlangoni hadithi imesimama.

Mama mdogo: Mnamaliza saa ngapi? Saa moja usiku naingia zamu.

Salma: Kumi na mbili tumeshafagia, mama.

Hamisi: Nakuja na mihogo ya kukaanga na kachumbari.

Mama mdogo: Halafu hapo kliniki wekeni mtoto anayeisubiri hiyo dawa. Mpeni jina.

Neema: Marisol. Miaka 9.

Baraka: Basi Neema shika mtambo wa baridi. Kamera ziache zinione.