Fundi kabadili maski kompyuta 34, eti "zitaonana tu"

Wakuu, mnamjua. Yule wa krimpa (koleo la kubania vichwa vya kebo) kiunoni kama bastola, simtaji. Leo kaitwa aunganishe kompyuta za chini na za juu, kapita moja baada ya nyingine, zote 34, akaandika maski (namba inayoiambia kompyuta anwani zipi ni za mtandao wake) 255.255.0.0, kisha: "Zizimeni mziwashe, zitaonana tu." Zitaonana tu! Kwani zilikuwa zimenuniana?

Anwani za ghorofa ya chini ni 192.168.1.x, za juu ni 192.168.2.x. Ruta ya juu imechomekwa kwa tundu lake la WAN (la kuingizia intaneti) kwenye ruta ya chini. Za juu zilikuwa zinaifikia seva ya uhasibu, 192.168.1.10, bila shida. Za chini ndizo hazifiki juu, maana ruta ya juu inafanya NAT (inazificha za juu nyuma ya anwani yake moja) na ya chini haijui njia ya kwenda 192.168.2.0. Yeye kakimbilia maski!

Kwa maski ile, kompyuta ya juu inadhani seva iko kwenye swichi yake. Haipeleki kitu getiwei (ruta ya kutokea nje), inabaki kupiga kelele ya ARP, "nani mwenye 1.10?", na ruta haivushi kelele hiyo. Kwa hiyo hata zilizokuwa zinaonana hazionani tena. Mtu kalipwa kuunganisha, kakata! Intaneti inapita, ndiyo maana kaondoka anapiga mluzi. Mara 34, wakuu. Kwa mkono. DHCP, ya kugawa anwani na maski yenyewe, ipo inamwangalia.

KipangaWaWaya: Mkuu, na wewe ulikuwa wapi hadi akafika ya 34? Ulikuwa unamshikia ngazi?

BiMtandao: Pole kaka. Rudisha zote kwenye DHCP, seva ibaki na 255.255.255.0. Ruta ya juu ipe WAN 192.168.1.2 ya kudumu, zima NAT na fayawoli (ukuta wa kuzuia wanaoingia) yake. Ruta ya chini iandikie njia: 192.168.2.0, maski 255.255.255.0, kupitia 192.168.1.2. Angalizo: ruta nyingine za bei poa hufanyia NAT anwani za LAN (mtandao wa ndani) yake tu, basi za juu zitakosa intaneti.

Mzee_Pingi: Na ping (kubisha hodi kwa kompyuta nyingine) ikigoma, msiilaumu ruta. Fayawoli ya Windows kwenye profaili ya Private huruhusu ping na kushirikiana mafaili kwa sabneti (kipande cha mtandao) yake yenyewe tu. Fungua ile kanuni, kwenye Scope ongeza 192.168.1.0/24 na 192.168.2.0/24 (/24 ndiyo maski 255.255.255.0). Usizime fayawoli nzima kama yule bwana.

Mleta uzi: Kaizima pia! Halafu "zitaonana tu."

Chogo: Nimefanya yote, bado kwenye Network ya Windows sioni kitu.

Mzee_Pingi: Hutaona. Ule utafutaji wa majina hauvuki ruta. Andika \\192.168.2.20 au weka DNS (ya kugeuza jina kuwa anwani).

KipangaWaWaya: Swali la msingi: kompyuta 34 sabneti mbili za nini? Moja ya /24 inabeba anwani 254. Toa kebo kwenye WAN, chomeka LAN, zima DHCP ya ruta ya juu, ipe 192.168.1.2. Dakika kumi, chai haijapoa.

Mleta uzi: Uhasibu hawataki kuchanganywa na wageni.

KipangaWaWaya: Hawataki kuchanganywa, na unataka zionane. Sawa mkuu.

Dada_Swichi: Afadhali maski. Wa kwetu kavuta kebo ya alumini iliyopakwa shaba, katuuzia kama shaba tupu. Kamera za PoE (zinazopata umeme kwa kebo hiyohiyo) mwishoni mwa mita 80 zinazima na kuwaka kama taa za harusi.

Chogo: Kwaruza waya kwa wembe. Ndani pakiwa peupe, umepigwa.

Dada_Swichi: Nimekwaruza. Peupe kama wali.

KipangaWaWaya: Aliyefunga si yule wa krimpa kiunoni?

Dada_Swichi: Ndiye!

Chogo: Huyo kwetu kafunga kebo upande mmoja mpangilio wa waya A, mwingine B, akaniambia ni mtindo mpya. Boksi la kebo ya shaba tupu mita 305 sasa hivi bei gani?