Mafundi wa kuingiza nyimbo Mtwara na Lindi, mnaua santuri na kaseti za wazee wetu!

Wakuu, hili la vibanda vya kuingiza nyimbo limevuka mipaka. Kuanzia Mtwara mjini hadi Lindi, Masasi na Nachingwea, mzee anapeleka santuri zake za miaka ya 60 na 70 ziwekwe kwenye flashi, anatozwa hela, anarudishiwa MP3 ya kbps 128 (faili lililobanwa sana) inayokwaruza masikio. Halafu fundi anamwambia sahani zenyewe sasa atupe, zinajaza nafasi tu. Hilo la kutupa ndilo linanichefua kuliko yote. Nyimbo kibao za bendi zetu hazijawahi kutoka kwenye CD. Sahani ikienda jalalani, kinachobaki ni hilo faili bovu.

Tuanze na waya, maana hapo ndipo mnapoharibu zaidi. Mnachomeka pleya moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptop. Katriji ya sumaku (kichwa cha pleya kinachoshika sindano) inatoa milivolti 3 hadi 5 tu, na wakati santuri inachongwa besi hupunguzwa na sauti kali huongezwa makusudi, ili mifereji isiwe mipana na mkwaruzo uje upungue. Kanuni hiyo inaitwa RIAA, ipo tangu 1954. Kwenye Hz 50 besi inakuwa imeshushwa karibu desibeli 17, na kazi ya kuirudisha ni ya priampu ya fono, yaani kikuza sauti cha pleya. Mkiiruka, wimbo unatoka mkali, besi hakuna. Tundu la maiki nalo kwa laptop nyingi ni la mono (sauti ya upande mmoja), kwa hiyo upande mmoja umekwenda na maji. Na priampu mnayo! Amplifaya za zamani zilizojaa vumbi madukani kwenu nyingi zina tundu la PHONO kwa nyuma. Ingizeni pleya hapo, fungeni waya wa ethi (wa ardhini) wa pleya kwenye skrubu yake (usipofungwa, ule mvumo hauondoki), toeni sauti kwenye TAPE OUT iende kwenye kadi ya sauti ya USB yenye tundu la LINE. Wakati wa kurekodi chomoeni chaja, laptop itumie betri. Mvumo utapungua.

Programu ya kurekodi, Audacity, ni ya bure. Wekeni stereo, Hz 44,100, biti 24, na vilele vya sauti visipande juu ya desibeli -6. Ikishagonga nyekundu imepasuka, na ladha yake hairudi kwa programu yoyote. Msinidanganye kuhusu nafasi: dakika moja ya WAV hiyo (faili lisilobanwa) ni kama MB 16, upande wa LP (santuri kubwa) wa dakika 20 ni MB 320, flashi ya GB 32 inabeba pande karibu 100. Mpeni mwenye mali WAV au FLAC (iliyobanwa bila kupoteza sauti). MP3 ya kusikiliza kwenye simu itengenezwe baadaye kutoka humo.

Kupunguza kelele: chukueni sampuli pale kimya kati ya nyimbo, punguzeni desibeli 6, basi. Mnavuta hadi mwisho, mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa la maji.

Sindano nazo. Vile vipleya vya sanduku vyenye katriji ya kauri vinakandamiza kwa gramu 5 au zaidi, wakati katriji nyingi nzuri za sumaku zinataka 1.5 hadi 2. Sahani za 78 (zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika) ni kazi nyingine kabisa: mfereji wake unahitaji sindano yenye ncha ya mikroni 76 hivi, siyo 18 ya LP, ambayo inazama chini na kuokota uchafu tu. Na jamani, msizipake spiriti! Nyingi ni za shelaki (utomvu mgumu, siyo plastiki), na spiriti inayeyusha shelaki. Tumieni maji yaliyokenekwa (distilled), tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na lebo isilowe.

Pleya zilizotoka Marekani zenye mota ya Hz 60 zinazunguka polepole kwa umeme wetu wa Hz 50, hata mkiweka transfoma ya kushusha volti. Sahani ya mizunguko 33 kwa dakika inazunguka chini ya 28. Hamsikii?

Kaseti za pwani hii zinaota kuvu kwa unyevu. Mnaitumbukiza hivyo hivyo kwenye deki, kuvu inahamia kwenye hedi (kichwa kinachosoma utepe), kaseti ya mteja anayefuata inachafuka nayo. Futeni hedi na rola ya mpira kabla ya kila kaseti. Kisha geuzeni taratibu ile skrubu ndogo ya pembeni ya hedi mpaka sauti kali zisikike safi kabisa, kwa sababu kila kaseti ilirekodiwa na deki yake. Kisponji cha kukandamiza utepe kikidondoka, hamishieni utepe kwenye ganda lingine la kaseti linalofungwa kwa skrubu. Mnachofanya nyie ni kusema "imekufa hiyo".

Wazee, dai sahani yako na faili la WAV kabla ya kulipa. Na mwenye deki nzima au sindano ya 78 huku Kusini aandike hapa chini yuko mtaa gani na anatoza kiasi gani.