Naomba ushauri: asili ya maneno ya Kiingereza darasani

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Juzi mwanafunzi kaniuliza, "Mwalimu, mbona ng'ombe ni cow lakini nyama yake ni beef?" Nikamweleza kuwa cow ni neno la Waingereza wa kale, ila beef limetoka Kifaransa, lugha ya mabwana walioingia Uingereza na William wa Normandy, mtawala kutoka Ufaransa aliyeiteka nchi hiyo mwaka 1066. Sheep (kondoo) na mutton (nyama yake) vivyo hivyo. Darasa likachangamka, hata wale wa nyuma wanaosinzia kila siku! Kengele ikalia, hawataki kutoka.

Natamani kila Ijumaa niwape neno moja, lakini mtihani wa taifa umekaribia na silabasi haijaisha. Mliowahi kujaribu, dakika 40 mnazigawaje? Na kamusi ipi ya asili ya maneno itawafaa vijana hawa?