Kikundi: Harusi ya Rukia, Chake Chake, Pemba

Shangazi Mwanaidi: Asalaam aleykum. Nikaha ni Jumamosi saa kumi alasiri. Nataka majina ya wanaosafiri LEO. Jana mmesoma watu 23, kajibu Hamisi peke yake, tena kwa kikatuni.

Hamisi: 😂

Shangazi Mwanaidi: Hamisi, sitaki.

Fadhili: Shikamoo shangazi. Nimepima kwenye ramani. Kiwanja cha ndege cha Kilindoni, huku Mafia, mpaka cha Pemba, mstari ulionyooka, karibu kilomita 295. Karavani, ile ndege ndogo, inakata kama 300 kwa saa. Saa moja tumetua.

Hamisi: Huo mstari ni wa kunguru. Sisi njia yetu ni Dar, halafu Unguja, ndiyo Pemba.

Fadhili: Sawa, lakini ukijumlisha huko kote ni kama 323. Zilizozidi hazifiki hata 30! Mafia na Dar dakika 35 hivi, Dar na Unguja 20, Unguja na Pemba 30. Hewani saa mbili hazitimii. Siku inaliwa na mabenchi ya kusubiria.

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo maana nasema tukodi ndege, iende moja kwa moja. Watu 12, tunachanga.

Zuhura: Nani anaanza kuchanga?

Hamisi: (baada ya saa tatu) Kikundi kimefariki. Inna lillahi 😂

Mama Tatu: Nina pweza mkavu na mikeka miwili ya bi arusi. Inapita?

Fadhili: Kilo 15 kwa mtu, na begi liwe laini, sio sanduku.

Hamisi: Wakati mwingine wanakupandisha mizani wewe mwenyewe. Mama Tatu jiandae.

Mama Tatu: Huna adabu. Nikihesabiwa wawili utalipa wewe.

Zuhura: Mizani msinikumbushe. Msiba wa Wete nani aliachwa Dar na mabegi ya watu? Kiti changu kakalia mtu wa humu humu. Nimefika Wete watu wanakula hitima.

Shangazi Mwanaidi: Zuhura, yale yalikwisha.

Zuhura: Kwako, dada.

Juma Muscat: Ndiyo naamka. Harusi ya nani?

Hamisi: 😂😂😂

Shangazi Mwanaidi: Juma, wewe tuma mchango, usiulize.

Babu Makame: Nimesomewa yote. Mimi Pemba nilikwenda kuchuma karafuu kwa jahazi, upepo wa kusi unatusukuma mgongoni, na hakuna aliyehesabu kilomita. Ndege ya kukodi hapana. Fedha hiyo mpeni Rukia. Na tiketi ya kwanza akatiwe Zuhura. Asiyetaka hilo, aende yeye, mimi nabaki hapa Kirongwe.

(Hakuna aliyeandika mpaka baada ya Isha.)

Shangazi Mwanaidi: Nimesikia, baba.

Zuhura: Shikamoo baba. Ahsante.

Shangazi Mwanaidi: Basi tunatoka Alhamisi, tunalala Dar kwa Hamisi, Ijumaa tunaendelea.

Hamisi: Kwangu??? Chumba kimoja na feni mbovu.

Shangazi Mwanaidi: Sasa hucheki?

Fadhili: Nimepiga simu. Ndege ya Alhamisi asubuhi imebakiza viti vinne. Babu, Zuhura, halafu?

Shangazi Mwanaidi: Halafu MAJINA, ndiyo ninayoyaomba tangu jana.

Mama Tatu: Na mikeka?

Juma Muscat: Rukia yupi, wa Bi Asha?