Aina za viwanda vya bia: ni ukubwa tu unaovitofautisha?

Chachu_Juu:
Wakuu, naandaa andiko la mradi wa kupika bia na nimekwama kwenye aina ya kiwanda. Kuna kiwanda kidogo, nano, baa inayojipikia bia yake, mpaka wanaopikiwa kwenye kiwanda cha mwingine. Kila ninaposoma naona wanatofautisha kwa ujazo tu. Mtambo wa hektolita 5 (hektolita moja ni lita 100) unaangukia wapi, na kwa mwaka utatoa bia kiasi gani?

TangiBaridi:
Mkuu, anza na bia itanywewa wapi, ujazo uje baadaye. Makundi yanayonukuliwa sana ni ya chama cha Brewers Association cha Marekani, nao wanaangalia vyote viwili. Kiwanda kidogo kinazalisha chini ya bareli 15,000 kwa mwaka (bareli yao ni kama lita 117) na asilimia 75 au zaidi ya bia inauzwa nje ya kiwanda. Kikiuza asilimia 25 au zaidi palepale na kina jiko la chakula la maana, ni baa inayojipikia. Bila jiko ni kiwanda chenye ukumbi wa kunywea. Bareli 15,000 hadi milioni 6 ni kiwanda cha kanda, juu ya hapo ni kikubwa. Nano haina mpaka rasmi, ila wengi humaanisha mtambo wa bareli 3 kwa mpiko au chini yake.

Mahali pa kuuzia ndipo panapoamua ununue vifaa gani. Kwenye baa inayojipikia, bia iliyokomaa inahamishiwa tangi la kuhudumia kwenye chumba cha baridi, nyuzi 2 hadi 4, na mpira unaenda moja kwa moja mpaka bomba la kaunta. Huhitaji mashine ya chupa. Kinachoharibu bia hapo ni kuisukuma kwa hewa ya kompresa: tangi likikaa nusu kwa siku kadhaa, oksijeni inaivuruga na inaanza kunuka kartoni lililolowa. Tumia kabonidayoksaidi tu.

Ukiuza nje ya kiwanda, shida hiyohiyo inahamia kwenye kopo. Lipulizwe kabonidayoksaidi kabla ya kujazwa, na kifuniko kikalie povu. Kikikalia hewa, umefungia oksijeni ndani. Vile vikubwa huchachusha bia nzito kisha huipunguza kwa maji yaliyoondolewa oksijeni, kwa hiyo matangi yaleyale yanatoa bia nyingi zaidi, halafu chupa hupita kwenye handaki la maji moto la takriban nyuzi 60.

Mzee_Kimea:
Naongeza hesabu. Usipige kwa mtambo wa kupikia, piga kwa matangi ya kuchachushia. Mpiko mmoja unaisha ndani ya siku. Tangi linashikiliwa wiki kadhaa. Mtambo wa hektolita 5 ufunge na matangi ya hektolita 10, upike mara mbili kujaza moja. Bia ya eli (inayochachuka haraka kwenye joto la kawaida) ikichukua wiki 3, tangi linazunguka mara 17 kwa mwaka, yaani hektolita 170. Matangi manne ni 680. Ukipika laga (inayochachuka polepole kwenye baridi) ya wiki 6, tangi linazunguka mara 8 tu na matangi manne yanakupa 320. Toa na hasara ya masalia ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na chachu.

Usibane kwenye mashine ya kupoza glaikoli, kile kimiminika kinachozungushwa kupoza matangi. Matangi mawili yakichachuka kwa nguvu huku la tatu linashushwa kuelekea nyuzi 0, mashine ndogo inazidiwa, joto la yale mawili linapanda, na chachu inatoa pombe kali inayochoma koo.

Chachu_Juu:
Asanteni sana. Na kupikiwa kwenye kiwanda cha mwingine? Naona kama ndiyo njia nyepesi.

Hopsi_Mwisho:
Mtaji unapungua kweli, na Mikkeller ya Copenhagen ilianza hivyo, bila mtambo wake. Ila kuna namna mbili: mwenyeji akupikie kwa fomula yako, au akukodishe muda wa mtambo na matangi upike mwenyewe. Ya kwanza ndiyo inayoleta ugomvi, maana fomula haikuzwi kwa kuzidisha tu.

Angalia hopsi za mwisho, zile za harufu zinazowekwa mwishoni mwa kuchemsha. Sufuria ya lita 50 inapozwa kwa dakika 20. Hektolita 30 zinaweza kukaa moto saa nzima au zaidi zikisubiri kutulia na kupita kwenye kipozeo, na juu ya nyuzi 80 hopsi zinaendelea kutoa uchungu. Bia inatoka chungu kuliko ya majaribio, harufu imepotea. Mwambie mwenyeji ashushe joto chini ya 80 kabla ya kuziweka, au nyingine zihamie kwenye tangi la kuchachushia.

Mkataba utaje vipimo: uzito wa maji ya kimea kabla na baada ya kuchachuka, pH (kiwango cha asidi), kiwango cha uchungu, oksijeni iliyomo siku ya kufunga. Na uandikwe nani analipa mpiko ukimwagwa.